Vijana wa sekondari, mtungi wa hewa na uhifadhi wa mwamba: nianzie wapi?

mwl_wa_klabu aliuliza:

Assalaam alaykum, na salamu kwa wote.

Klabu yetu ya mazingira iko katika sekondari moja ya Kaskazini Unguja. Wanafunzi ni 24, umri miaka 13 hadi 17, wasichana 14 na wavulana 10. Kituo cha kuzamia kilicho jirani kimejitolea mitungi, vifaa, boti na wakufunzi wawili kwa siku sita za mwezi wa Mei, wakati wageni ni haba. Matumbawe wameshayasoma darasani, wameyachora na kuyajibia mtihani, lakini wengi hawajawahi kuutazama kwa macho yao mwamba unaoonekana kutoka dirisha la darasa lao.

Sitaki siku hizi sita ziwe matembezi ya kutazama samaki. Nataka watoke na ujuzi, na watoke na kitu ambacho kamati ya uvuvi ya shehia itaweza kukitumia. Naomba mnisaidie kwa haya: umri na afya, wasiojua kuogelea (karibu nusu), kazi gani wafanye chini ya maji, na mambo gani huharibika mara kwa mara ili nijiandae mapema.

---

pima_tano (mkufunzi wa kuzamia):

Waalaykum salaam mwalimu. Nianze na hesabu ya watu, kwa sababu ndiyo itakayoamua mengine yote. Siku sita na wakufunzi wawili hazitoshi kuwafanya watoto 24 kuwa wazamiaji, na ukijaribu utapata watoto 24 wanaoogopa. Chagua wanane wa mtungi. Wengine 16 wape miwani na mrija, kazi za boti na kazi za hesabu, na mwakani zamu izunguke.

Umri: kwa taratibu za PADI (shirika la kimataifa la mafunzo ya kuzamia) cheti cha vijana huanza miaka 10. Wa miaka 12 hadi 14 huzamia pamoja na mtu mzima mwenye cheti na hawapiti mita 18. Kuanzia 15 mtu hupata cheti cha kawaida. Kwa kazi yenu hakuna haja ya kupita mita 10 kwa umri wowote. Taratibu zinaruhusu mkufunzi mmoja awe na wanafunzi hadi wanane katika bahari wazi, lakini huo ni ukomo. Kwa vijana chukua wanne kwa mkufunzi, na nyuma yao mzamiaji msaidizi ambaye kazi yake ni kutazama tu, asishike kamera wala kibao cha kuandikia.

Fomu ya afya ijazwe nyumbani na mzazi, kisha mzazi atie saini. Ikijazwa darasani, mtoto mwenye pumu atasema hana kwa sababu wenzake wanasikia. Pumu, kifafa, matatizo ya moyo, upasuaji wa kifua, masikio yanayotoa usaha: yote hayo yanapitia kwa daktari kabla mtoto hajavaa mtungi.

Kuogelea: mtihani ni mita 200 bila kifaa chochote na bila kuhesabiwa muda, au mita 300 kwa miwani, mrija na mapezi, kisha kuelea dakika 10. Asiyefaulu havai mtungi. Hapa usilegeze hata kidogo. Mtungi na jaketi la kujazwa hewa humfanya asiyejua kuogelea aonekane anajua, mpaka siku jaketi litakapokosa hewa akiwa juu ya maji.

Sasa jambo ambalo kwangu ndilo moyo wa somo lenu. Mtoto asiyeweza kukaa katikati ya maji bila kupanda wala kushuka anaharibu mwamba kila dakika anayokuwa juu yake. Huwezi kumfundisha uhifadhi huku mapezi yake yanavunja matumbawe. Na chanzo kikubwa ni uzito uliozidi. Mkufunzi mwenye haraka humpachika kijana wa kilo 45 vipande vya uzito vya risasi kilo 6 ili azame upesi. Mtoto anazama kweli, halafu inabidi ajaze jaketi hewa ili asigonge chini. Hewa ile inakaa kifuani, risasi ziko kiunoni, basi miguu inashuka na kichwa kinapanda. Akipiga teke, mchanga unaruka na kuyafunika matumbawe yaliyo nyuma yake. Yeye haoni, kwa sababu yako nyuma yake.

Fanya hivi. Wetisuti (suti ya mpira ya kuzamia) ya milimita 3, mtungi wa alumini, anza na kilo 3. Aingie maji ya kumzidi kimo, atoe hewa yote kwenye jaketi, avute pumzi ya kawaida na kuishikilia, asipige mapezi. Maji yakiishia usawa wa macho, uzito ni sawa. Akitoa pumzi anatakiwa azame polepole. Akielea mpaka shingoni, ongeza nusu kilo, rudia. Kama mtungi umejaa, ongeza kama kilo 2 juu ya hapo, kwa sababu mtungi wa alumini hupungua uzito kadiri hewa inavyotumika na mwishoni huanza kuelea. Andika kilo za kila mtoto kwenye daftari la boti. Kesho yake usianze upya kwa kukisia.

Kisha majaribio mawili juu ya mchanga, kina cha mita 4 au 5. La kwanza: akae dakika 3 mita moja juu ya mchanga, mikono imefungwa kifuani, asipande wala kushuka zaidi ya nusu mita. La pili: apite ndani ya duara la bomba la plastiki lenye upana wa mita moja bila kuligusa. Akifaulu yote mawili ndipo unampeleka mwambani. Wengine watafaulu siku ya tatu, wengine ya tano, na wapo watakaomaliza siku sita hawajafaulu. Hao wafanye kazi juu ya mchanga na kwenye nyasi za baharini, ambako nako kuna mengi ya kuhesabu.

Hewa: mtungi wa lita 11 uliojazwa bar 200 (bar ni kipimo cha shinikizo la hewa), ukiacha akiba ya bar 50, unampa lita 1,650. Kijana mgeni hupumua kama lita 25 kwa dakika akiwa juu. Mita 10 chini shinikizo ni maradufu, basi anatumia 50. Dakika 33. Panga kazi ya dakika 20, usipange ya 40 ukitumaini atapumua kidogo. Kurudi ni bar 100, kuwa juu ya maji ni bar 50. Kupanda kusizidi mita 9 kwa dakika, na kusimama mita 5 kwa dakika 3.

Kanuni moja irudiwe mpaka wachoke kuisikia: hakuna kushikilia pumzi ukiwa chini ya maji na mtungi. Kijana akiona kasa, kitu cha kwanza anachofanya ni kushangaa, na anaposhangaa anabana pumzi. Akipanda na pumzi iliyobanwa, hewa inatanuka mapafuni, na mita chache tu zinatosha kumjeruhi. Waonyeshe kwa chupa ya plastiki ya lita moja na nusu: ifunge ukiwa juu ya maji, ikiwa na hewa tupu ndani, shuka nayo mita 10, itabonyea kama imekanyagwa. Ijaze hewa ya mtungi kule chini bila kifuniko, midomo yake ikitazama chini, kisha panda nayo. Mapovu yatakuwa yanamwagika njia nzima. Hayo ndiyo mapafu yao.

---

nahodha_kusi:

Mwalimu, Mei usikubali. Waambie kituo wakubadilishie. Mei ni masika na Kusi limeshaanza kukaza. Mvua inashusha udongo, maji yanakuwa machafu, na boti inayumba. Mtoto atatapika kabla hajavaa mtungi. Omba tanga mbili, Oktoba mwishoni mpaka Novemba, upepo umelegea na Kaskazi bado haijashika. Wageni si wengi kama Desemba, kwa hiyo kituo hakipati hasara kubwa.

Siku uchague kwa mwezi, usichague kwa kalenda ya ukutani. Bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanakupwa na kujaa kwa nguvu na mkondo mlangoni mwa mwamba unaweza kumchukua mtu mzima, sembuse mtoto. Subiri maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Na katika siku hiyo, zama saa ya mwisho ya maji kujaa. Maji ya bahari kuu yanakuwa yameingia, ni safi, na mkondo unakaribia kusimama. Maji yakianza kupwa yanatoka na tope la mikokoni na pwani, mtoto haoni hata kibao alichoshika.

Boti isitie nanga juu ya mwamba kamwe, na hasa mbele ya watoto wanaofundishwa kuutunza. Kama hakuna boya, dereva abaki kwenye usukani na boti ielee. Mtu mmoja juu kazi yake ni kufuata mapovu kwa macho, mwingine ana daftari: nani ameingia, saa ngapi, bar ngapi, ametoka saa ngapi. Kazi hiyo wape wanafunzi. Injini haiwashwi mpaka idadi ya vichwa isomwe kwa sauti na ilingane na daftari.

Oksijeni iwemo ndani ya boti, si ofisini kituoni. Na siku moja kabla mpigie simu hospitali yenye chemba ya kutibu wazamiaji, uulize kama inafanya kazi siku hiyo.

---

matumbawe_na_takwimu:

Nashukuru pima_tano kasema la uzito, sitalirudia. Mimi nitasema la kazi, maana hapo ndipo programu nyingi za vijana hufa: watoto wanashushwa, wanatazama, wanapanda, wanaandika insha. Kijana akipewa kazi ya kuhesabu anatazama tofauti kabisa. Anaacha kufukuza samaki, anatulia, anaanza kuuliza kwa nini kipande hiki ni hai na kile ni changarawe.

Njia mbili zinawafaa, na zote zinatumika duniani, kwa hiyo takwimu zenu hazitabaki kuwa za shule tu.

Ya kwanza na rahisi ni kadi ya rangi ya CoralWatch, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, mwaka 2002. Ni kadi ya plastiki yenye rangi za matumbawe zenye herufi na namba 1 hadi 6, ambapo 1 ni karibu nyeupe na 6 ni iliyokolea. Mtoto anachagua tumbawe, anatafuta sehemu iliyopauka zaidi, anaweka kadi karibu bila kugusa, anaandika herufi na namba. Kisha anatafuta sehemu iliyokolea zaidi, anaandika tena. Anaandika na umbo: la matawi, la duara kama jiwe, la bapa kama sahani, au laini. Matumbawe yasipungue 20 kwa kila safari. Rangi ikishuka namba mbili au zaidi kati ya vipimo viwili, mwamba uko taabuni. Uzuri wake ni kwamba mwenye mrija na miwani naye anaweza, kwa hiyo wale 16 wana kazi kamili.

Kosa linalotokea kila mara: mtoto anaokota matumbawe mazuri mazuri. Ndani ya wiki moja utakuwa na takwimu za mwamba ambao haupo. Dawa yake: apige mapezi matano, asimame, achukue tumbawe lililo karibu zaidi na mkono wake wa kulia, liwe zuri au baya.

Ya pili ni mstari wa Reef Check, mpango wa kimataifa wa kupima afya ya miamba. Kamba au utepe wa mita 100 unalazwa kwa kufuata kina kimoja, na umegawanywa vipande vinne vya mita 20 vyenye nafasi ya mita 5 katikati. Kila nusu mita mtoto anaandika kilicho chini ya alama: tumbawe gumu, tumbawe laini, tumbawe lililokufa karibuni, mwani unaoashiria uchafu wa virutubisho, sifongo, jabali, changarawe, mchanga, tope, au kingine. Hiyo ni alama 40 kwa kipande, 160 kwa mstari mzima. Kwa vijana wapya anzeni na kipande kimoja tu cha mita 20 kwa kila jozi. Kukifanya kimoja vizuri ni bora kuliko vinne vya kubahatisha.

Vifaa mtengeneze wenyewe. Kamba isiyonyumbuka, na alama ya utepe wa umeme kila sentimita 50, nyekundu kwenye kila mita 5. Kibao: kata bomba jeupe la maji la inchi 4 kwa urefu, lipashe moto lilainike, likandamize kati ya mbao mbili mpaka liwe bapa, kisha lisugue kwa msasa laini. Penseli ya kawaida ya shule inaandika juu yake vizuri sana majini na inafutika kwa msasa huohuo. Funga penseli kwa uzi, na beba mbili, kwa sababu ncha huvunjika. Usitumie kalamu ya wino.

Chukueni na nati ndogo ya chuma mliyoifunga kwenye uzi wa mita moja. Mtoto akiwa juu ya kamba, jicho linamdanganya: akihamisha kichwa kidogo upande, alama ya nusu mita inahama kutoka kwenye tumbawe kwenda kwenye mchanga. Akidondosha nati kutoka kwenye alama, pale inapotua ndipo jibu lilipo, hakuna ubishi. Ubishi wa watoto wawili kuhusu alama moja ndio unaomaliza hewa.

Samaki wanahesabiwa kwanza kabla ya chini, kwenye ukanda wa mita 5 upana na mita 5 kwenda juu. Kamba ikishalazwa mnasubiri dakika 15 samaki warudi. Msihesabu kila samaki. Chagueni makundi manane ambayo watoto wameyajua kwa picha: chewa wa kuanzia sentimita 30, pono wa kuanzia 20, changu, kipepeo, mkunga, na mengine ambayo wavuvi wenu watayataja. Chini mhesabu jongoo bahari, kamba mti, viti vya pweza vyenye miiba, na wale wanyama weusi wa mviringo wenye miiba mirefu kama sindano ambao kila kijiji kina jina lake. Hao weusi wakijaa sana, mara nyingi ni ishara kwamba samaki wanaowala, kama kikande, wamevuliwa wakaisha. Hapo mtoto anaona kwa hesabu yake mwenyewe namna uvuvi na mwamba vilivyofungamana, wala hutahitaji kumhubiria.

Jozi mbili zipite mstari uleule bila kuoneshana vibao. Majibu yakitofautiana sana, msichukue wastani. Rudini, mtafute mmoja kakosea wapi. Kwa kawaida ni tumbawe lililokufa karibuni kuchanganywa na jabali: lililokufa karibuni ni jeupe na bado vishimo vyake vinaonekana, jabali limeshaota mwani na sura ya tumbawe imefutika.

Mpimeni na joto la maji kila safari, kipimajoto cha kawaida kikae kwenye kina cha kazi dakika 3. Maji yetu huwa ya moto zaidi Machi na Aprili. Joto likizidi kwa nyuzi 1 lile la kawaida la mwezi wa moto na likakaa wiki kadhaa, matumbawe hupauka. Ndivyo ilivyokuwa 1998, ikarudi 2016, na tena 2024. Kwa hiyo pamoja na mazoezi ya Novemba, rudini mwishoni mwa Aprili siku maji yakiwa safi, kwa mrija na kadi ya rangi tu. Mwamba uleule, boya lilelile.

Kupanda matumbawe msianze nako, hata kama kituo kitawashawishi. Kunahitaji kibali, na meza za vipandikizi zinataka kusafishwa mwani wiki baada ya wiki. Shule ikifunga, vipandikizi vinafunikwa vinakufa.

---

mkaazi_wa_pwani:

Nauliza kwa nia njema: kwa nini mtungi? Chumbe, iliyotengwa kuwa hifadhi tangu 1994, inapokea watoto wa shule kwa miaka mingi na wanafundishwa kwa miwani na mrija. Mitungi kule hairuhusiwi kwa wageni. Mwamba wetu mwingi uko mita 1 hadi 5. Fedha na muda wa mtungi ungewapa watoto wote 24 kuogelea, na kuogelea kutawaokoa maisha yao yote.

---

pima_tano:

Kaka, hoja yako ni nzito na kwa sehemu kubwa nakubaliana nayo. Ndiyo maana nimesema mrija kwa 16. Lakini mstari wa alama kila nusu mita huwezi kuufanya vizuri kwa pumzi moja moja. Kijana anazama, anasoma alama mbili, anapanda, anapoteza mahali. Na mteremko wa nje wa mwamba, mita 6 mpaka 10, ndiko chewa na pono wakubwa waliobaki wanakokaa. Mtungi ni kwa kazi hiyo tu. Nakubali kabisa kwamba kuogelea kuje kwanza, na kama fedha inatosha kimoja, kiwe kuogelea.

---

mwl_wa_klabu:

Allah awalipe. Nimeshaandika barua ya kuomba Novemba. Nina maswali mawili ya ziada. Wasichana wanane wanataka kuingia majini lakini wazazi wanauliza kuhusu mavazi na nani atawafundisha. Na mmoja wa wanafunzi, alipojaribu kuzama kwa mrija, masikio yalimuuma akaogopa. Je, ndiyo basi?

---

mama_wa_maji (anafundisha wasichana kuogelea):

Mwalimu, kuhusu mavazi hakuna kizuizi. Nguo ya kuogelea ya kufunika mwili mzima inatosha, na juu yake wetisuti. Kisichofaa ni kitambaa kilicholegea: baibui au leso majini inakuwa nzito, inazuia miguu na inanasa kwenye mabomba ya hewa. Kichwani avae kofia ya kitambaa cha kuogelea inayobana. Hapa kuna jambo dogo linaloharibu siku nzima: ukingo wa kofia usiingie chini ya mpira wa miwani. Hata upana wa uzi mmoja unapitisha maji, msichana anadhani miwani ni mbovu, anaivua chini, anashtuka. Vaa miwani kwanza ikae kwenye ngozi, kisha vuta kofia juu ya mpira wa miwani, kisha mwenzake apitishe kidole kuzunguka uso wote kuhakikisha. Nywele za mbele pia zote ndani.

Mkufunzi wa kike muombe mapema. Wapo Unguja. Akikosekana, basi msaidizi wa maji awe mwanamke, na awe yeye anayefunga mikanda ya jaketi na kukagua. Wazazi waalike siku ya kwanza ufukweni waone kila kitu, waguse mtungi, waulize. Baada ya hapo ruhusa hazitakusumbua. Hedhi haimzuii msichana kuzamia, lakini aulizwe faraghani na mwanamke, na akisema leo hapana, iwe hapana bila maswali.

Kuogelea kwa wasiojua kabisa: wiki nane, mara mbili kwa wiki, saa moja, katika maji tulivu ya ndani ya mwamba, yakiwa kifuani. Mpangilio wangu ni kupulizia mapovu usoni, kuelea chali, kuelea kifudifudi, kuteleza, kisha miguu, na mikono mwisho. Wanaoharakishwa kwenye mikono hujifunza kupambana na maji. Anayeweza kuelea chali dakika 5 akiwa ametulia ameshavuka sehemu ngumu. Ukianza Septemba, Novemba watakuwa tayari kwa mrija, na baadhi kwa mtihani wa mita 200. Mwezi wa Ramadhani usiweke mazoezi ya majini mchana. Aliyefunga anakaukiwa maji mwilini upesi.

Masikio: si basi. Alisubiri maumivu ndipo azibue. Afundishwe kuzibua juu ya maji kabla hajazama, kisha kila nusu mita, akibana pua na kupuliza taratibu. Yakiuma apande mita moja, azibue, ashuke tena miguu ikiwa chini na kichwa juu, ameshika kamba ya boya. Yakikataa mara tatu, siku hiyo ameishia hapo. Mwenye mafua asizame kabisa, wala asipewe dawa ya kuzibua pua ili aweze. Dawa ikiisha nguvu akiwa chini, hewa inanaswa masikioni na kupanda kunakuwa mateso. Vijana huficha mafua kwa kuogopa kukosa zamu. Ndiyo maana kazi za boti ziwe za heshima sawa na za chini, na zamu yake ihifadhiwe.

La mwisho, watoto wembamba hupata baridi hata maji yakiwa nyuzi 27. Midomo ikibadilika rangi au mtoto akiacha kujibu ishara upesi, anapanda. Mizamo miwili kwa siku ndiyo mwisho wake.

---

matumbawe_na_takwimu:

Nilisahau taka, na watoto huzipenda sana. Mfuko uwe wa nyavu, ushikwe mkononi, usifungwe kwenye jaketi. Kabla ya kuokota chupa, kopo au tairi, tazameni ndani: pweza, kaa na samaki wadogo hukaa humo. Kikiwa na mkaazi, au tumbawe limeshaota juu yake, kinaachwa na kuandikwa. Nyavu zilizotelekezwa si kazi ya wanafunzi. Wanaweka boya, watu wazima wenye visu na uzoefu watazikata. Na wafundisheni mapema: chupa yenye utambi haiguswi, haisogelewi. Huenda ni baruti ya kuvulia ambayo haikulipuka. Wapande, waseme, mahali paandikwe. Taka zikaushwe kabla ya kupimwa, maana mfuko wa maji ni mzito kuliko taka zenyewe.

---

katibu_kamati_ya_uvuvi:

Mwalimu, nimesoma yote, na nasema kwa upande wetu wa kamati za shehia.

Anza na barua kwa sheha na kwa kamati kabla ya siku ya kwanza, siyo baada. Kama mwamba uko ndani ya eneo la hifadhi, kibali kinaombwa Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi, na kinachukua muda. Wavuvi wakiona mitungi mwambani bila taarifa watadhani ni wezi wa jongoo bahari.

Majina ya samaki chukueni kwa wazee wa bandarini kabla ya kuchapisha fomu. Mkiandika jina la kitabuni ambalo huku halitumiki, mvuvi ataiweka karatasi pembeni. Wekeni picha, jina la huku, na nafasi ya mzee kusahihisha.

Sisi tunachotaka si asilimia nyingi. Tunataka kujua: mwamba upi una chewa na pono wakubwa kuliko mwingine, matumbawe hai yameongezeka au yamepungua tangu mara iliyopita, na nyavu zimenasa wapi. Hayo matatu yanatusaidia kuamua wapi tupumzishe. Kisiwa Panza kule Pemba wamekuwa wakifunga sehemu za mwamba kwa pweza kwa miezi kadhaa kisha wanafungua, na kwetu watu wanauliza kwa nini tusijaribu. Tukiwa na hesabu ya kabla na ya baada, iliyofanywa na watoto wetu wenyewe, mazungumzo yale yatakuwa mepesi zaidi.

Vibao vinakiliwe kwenye karatasi siku hiyohiyo kabla havijafutwa, na mwanafunzi aliyeandika ndiye anakili. Leteni karatasi Alhamisi. Kikao kiwe Ijumaa baada ya sala ya Alasiri, siku ambayo wengi hawaendi baharini, na wanafunzi ndio wasome. Tutawapa viti vya mbele.